Mtutu Nilioutwanga kwa Majivu

Mpemba, saa kumi na moja jioni, siku ya kukuaga

Tusekile mwanangu,

Nimejifungia chumbani kwako. Nimekaa kitandani kwako, begi lako liko miguuni pangu limevimba, zipu inalia. Nje baba zako wadogo wamelala kwenye mikeka kwa shibe ya pilau, isipokuwa yule wa Nakonde ambaye bado anabishana na redio kuhusu mpira. Wewe umekwenda kinyozi kupunguza nywele kama chuo kilivyoagiza, na ninashukuru sikuwepo, maana zile nywele nimezisuka mimi miaka yote hii, ningemnyang'anya yule kinyozi mkasi.

Habari za soksi, dawa ya meno na chandarua sitaziandika. Shangazi yako ameshazisema mara tatu, na mara ya nne atazisema kesho akiwa ameshika dirisha la basi. Mimi nina jambo moja, limenikaa kooni miaka ishirini na minne, na leo mchana umenifanya nishindwe kulimeza tena. Ni habari ya jina la baba yako. Si Laurenti. Lile lingine.

Uliposimama kuzungumza leo, ukiwa umevaa lile gauni la kijani, nilijisikia raha mpaka nikataka kupiga kelele. Binti yangu anakwenda kuwa askari wa wanyamapori! Kazi yangu, kazi ya baba yako! Nilikuwa nimekaa pale mbele nikijipepea na sahani kama mama wa bibi harusi. Ukawashukuru watu, ukamtaja Mungu, ukatutaja sisi, kisha ukasema, "Nawaahidi nitakapopewa bunduki nitapiga katikati. Sitapiga Pembeni!"

Jamani, watu walivyocheka! Baba mdogo wa Nakonde alianguka na kiti chake. "Ba Pembeni, umesikia?" akapiga kelele. Baba yako naye akacheka, akapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu naye. Nilimwona akimaliza kucheka kabla ya wenzake, kisha akainuka akaenda kukunja viti ambavyo watu walikuwa bado hawajamaliza kuvikalia. Moyo uliniuma, Tuse. Uliniuma kwa sababu najua mwenye hilo jina ni nani, na si yeye.

Hadithi ya Pembeni unaijua tangu hujaota meno, na aliyekupa ni mimi. Unajua ninavyoisimulia. Nafunga khanga kiunoni, natoa macho, nakuwa kiboko. Kiboko ametoka mto Momba, ameingia mashamba ya mpunga kule Msangano, anakula kwa nafasi kama yuko kwao. Wanakijiji wamekuja kituoni wanalia. Anatumwa askari Laurenti, mpiga shabaha wetu. Kijiji kizima kimepanda tutani kutazama. Hatua thelathini tu, na kiboko ni mnyama mwenye ukubwa wa kibanda. Pa! Risasi inapiga kichuguu. Pa! Inatoboa debe la maji la bibi mmoja. Pa! Hiyo ya tatu mpaka leo hakuna anayejua ilikokwenda. Kiboko hata kutafuna hajaacha. Na mama mmoja kule nyuma anapaza sauti: "Afande, kiboko yuko huku, wewe mbona unapiga pembeni?"

Hapo huwa nageuza shingo taratibu nikiwa kiboko, namtazama baba yako, na nyumba nzima inapasuka kwa kicheko.

Yote hayo yalitokea kweli. Kosa langu ni kwamba kila siku naianzia hadithi katikati. Leo nakupa mwanzo wake.

Siku hizo baba yako hakuwa baba yako. Alikuwa askari Laurenti, mtu mrefu na mkimya, na mimi nilikuwa simpendi. Nilimwona anajisikia. Kila risasi yake ilikwenda anakotaka, na akishapiga anakaa chini kama mtu aliyefunga mlango tu. Mimi unanijua, watu wasiosema wananitia wasiwasi, nadhani wananisema moyoni.

Pale kituoni nilikuwa mwanamke peke yangu. Bosi hakujua anipeleke wapi, akanikabidhi funguo za stoo ya silaha. Silaha zenyewe zilikuwa bunduki tano kuukuu, zile zilizopigania vita za watu wengine, jeshi likazichoka, zikazunguka mpaka zikatufikia sisi bondeni. Vitako vya mbao, komeo la kuvuta kwa mkono, mkanda umekatika umeshonwa. Moja tuliiita Bikizee. Hiyo ndiyo aliyokuwa akitembea nayo Laurenti, na alikuwa akiipenda kweli, maana ilikuwa kuukuu lakini ilikuwa haidanganyi.

Kazi yangu ilikuwa kuzisafisha. Sasa mimi ni binti wa Ileje. Marehemu bibi yako alinilea kwa sufuria. Sufuria isiyong'aa ndani na nje unairudisha mtoni, hata kama jua limezama. Majivu, mchanga laini, unasugua mpaka uone meno yako ndani yake. Zinapangwa kwenye kichanja uani, zinawaka, na mgeni akipita barabarani anasema, "Hapa kuna binti." Kwetu binti alisifiwa kwa sufuria kabla ya kusifiwa kwa sura, na mimi kwa sura unajua sikuwa na bahati sana, usicheke.

Kwenye mafunzo walinipa kitambaa, mafuta na kamba, wakasema chomoa komeo, pitisha kamba kutokea nyuma, vuta, basi. Nikaona huo ni uvivu wa wanaume. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia nondo nyembamba, akaipiga tupa. Nikafunga kitambaa kwenye ncha, nikakilowesha mafuta, nikakichovya kwenye majivu niliyoyachekecha kwa chujio la chai. Siku zenye ari ya ziada, nilitia na kimchanga kidogo cha mtoni. Namsimamisha Bikizee kwa kitako, namkaba kwa magoti, mdomo wa mtutu juu. Halafu natwanga. Juu chini, juu chini, huku naimba pambio. Zile nne nilizigusa mara mojamoja, lakini Bikizee, mkuukuu wao, kila asubuhi, hata kama haikupigwa risasi hata moja. Mwaka mmoja na nusu.

Bosi akija kukagua, anachungulia ndani ya mtutu, anarudisha kichwa nyuma kwa mwanga. "Lo! Safi!" Katika daftari la stoo palikuwa na nafasi ya kuandika hali ya mtutu, na mimi kila mwezi nilijaza neno hilohilo kwa mwandiko wangu mzuri. Safi. Safi. Safi. Hakuna aliyeniuliza kama ni mzima. Wala mimi sikujua kwamba hayo ni maswali mawili, maana kwetu sufuria ikishakuwa safi imekwisha, utaiuliza nini tena?

Baba yako aliligundua kabla ya wote. Alikuja dirishani kwangu siku moja, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, naona Bikizee siku hizi anatupa kushoto."

Unajua nilimjibu nini? "Labda macho yako ndiyo yanatupa kushoto."

Askari wote waliokuwa pale wakaangua kicheko. Nilijisikia mjanja siku nzima. Hata kuitazama ile bunduki sikuitazama. Na baada ya wiki mbili ndipo kiboko akatoka mtoni.

Ile jioni waliporudi kutoka Msangano, bosi alikuwa amefura. Aliniita mbele ya wote, Laurenti amesimama pale na matope mpaka magotini. Akaniuliza, "Bunduki ina tatizo?" Nikafungua daftari. Nikasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari: "Safi, afande." Sikudanganya, mwanangu, niliamini kila herufi. Lakini wala sikumtazama yule mtu usoni, na niliufunga ule ukurasa kwa raha fulani ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Kwa neno langu wakamtoa kwenye doria wakamweka kulinda geti, akafungua na kufunga mnyororo miezi minne. Bahati nzuri maji ya mto yalipungua, kiboko akaondoka mwenyewe, hakudhuru mtu. Waliobaki na kidonda ni wenye mpunga na baba yako.

Kisha akaja fundi silaha, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, anapita vituoni kukagua. Hapa soma polepole, maana hili hawatakufundisha wote.

Kwanza alihakikisha hakuna risasi ndani, akahakikisha tena, na tena. Akachomoa komeo. Akaweka kipande cha karatasi nyeupe kule nyuma ili mwanga uingie, akachungulia kutokea mbele. Ndani ya mtutu, Tuse, kuna mifereji inayojizungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kung'aa si kitu. Unatazama kingo za ile mifereji, kama bado ni kali au zimelainika. Halafu akatoa mfukoni kichwa cha risasi kitupu, hakina ganda wala baruti, akakichomeka kwa ncha kwenye mdomo wa mtutu. Kwa zile bunduki nne, kilikwama, sehemu kubwa ikabaki nje. Kwa Bikizee kikazama. Chote. Alilazimika kuigeuza bunduki na kuipiga kofi ili kitoke. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, akanipa na mimi nipitishe. Haukuwa duara tena. Ulikuwa umelika upande mmoja, unaelekea umbo la yai.

Akampa askari mmoja apige risasi kwenye boksi. Tundu lililotoka halikuwa la mviringo, lilikuwa refu. Risasi ilikuwa imeingia kwa ubavu! Bunduki ya namna hiyo hata malaika akiipiga atakosa.

"Nani anasafisha hapa?" akauliza.

"Mimi, mzee."

"Hebu nionyeshe."

Mungu anisamehe, nilimwonyesha kwa fahari. Nikaleta na kopo la majivu, nikamweleza na habari ya chujio la chai. Nilipoanza kutwanga, yule mzee alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama wee! Binti, umeitwanga mpaka imeisha!"

Alipomaliza kucheka, aliniona nalia, akanionea huruma. Kwenye ripoti yake akaandika mtutu umelika kwa umri. "Si uongo," akaniambia, "umri nao upo." Akafunga kalamu. Hivyo ndivyo nilivyookoka kazini, na daftari langu likabaki safi.

Nilitoka stoo saa ile ile, jua la mchana liko utosini, nikatembea mpaka getini. Sikuwa na hotuba. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula hindi la kuchoma. Nikamwambia, "Laurenti, si macho yako. Ni mimi. Nimeumaliza mtutu kwa majivu na mchanga, na nilikujibu vibaya, na nilisoma lile daftari kama mjinga."

Akaacha kutafuna. "Majivu?"

"Majivu."

"Ya kuoshea vyombo?"

"Ndiyo."

Tuse, alicheka. Yule mtu asiyesema alicheka mpaka hindi likamdondoka, akashika ule mnyororo wa geti asianguke. Nami nikaanza kucheka huku kamasi zinanitoka. Alipopata pumzi akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Fundi tu."

"Basi liishie hapo. Wewe uko peke yako pale ndani. Wakisikia, watasema mwanamke arudishwe jikoni, na baada yako hawatamchukua mwingine. Mimi jina hili nimeshalizoea. Halafu kule Msangano wananipa ugali wa bure ili niwasimulie."

Nikakubali.

Kwa ile ripoti ya fundi wakamrudisha kwenye doria, akapewa bunduki nzima, na kuanzia siku hiyo mpaka alipostaafu sikumbuki kama aliwahi kukosa alichokilenga. Lakini ripoti inasomwa ofisini, na jina linatembea vijijini. Lilitembea mpaka likamtangulia huku Mpemba. Kwenye harusi yetu mshereheshaji alimtangaza, "Bwana harusi, mzee mzima Pembeni!" na mimi nikiwa nimevaa shela nikacheka na wageni.

Nimefanya makosa mengi maishani, na mengi yalikuwa ya ujinga. Majivu yalikuwa ya ujinga, nilifundishwa vibaya na sifa za sufuria. Hilo nimeshajisamehe, hata linanichekesha peke yangu nikiwa naosha vyombo. Kinachonisumbua ni kwamba mtu alinipa kitu kwa muda, cha kunivusha pale pabaya, na mimi nikakaa nacho maisha. Nilipandishwa cheo, wakaja wanawake wengine watatu kituoni, hakuna tena aliyeweza kunirudisha jikoni, na bado sikufungua mdomo. Tena nikazidi. Nikaifanya kuwa hadithi yangu ya sherehe! Nimemwigiza yule kiboko kwenye ubatizo wako, kwenye kipaimara chako, na juzi kwa majirani. Watu wananisifu najua kusimulia, na sifa, mwanangu, naziona zinavyonipumbaza tangu siku za kichanja.

Nilikuwa najiambia yeye mwenyewe anacheka, kwa hiyo haimuumi. Mpaka mwezi uliopita, ile siku barua yako ya chuo ilipokuja. Ulimfuata zizini, mimi nilikuwa nakamua, nikakusikia unamuuliza, "Baba, nikipewa bunduki nianze kuangalia nini?" Akanyooka, akafuta mikono. Nilimwona uso ulivyobadilika, alikuwa kama mtu aliyengoja swali hilo tangu uzaliwe. Kabla hajasema, baba yako mdogo akadakia kutoka barazani, "We Tuse, bunduki unamuuliza Pembeni?" Mkacheka wote. Ukaenda barazani kumuuliza yeye, ambaye silaha kubwa aliyowahi kushika ni manati. Baba yako akamgeukia ng'ombe. Na mimi nikaendelea kukamua.

Kwa hiyo unaondoka kesho kwenda kujifunza kulenga, na umekaa miaka ishirini na moja nyumba moja na mpiga shabaha bora niliyewahi kumwona, na hujamuuliza neno moja, kwa sababu yangu. Hicho ndicho kinachonifanya niandike huku nikisikiliza kama umerudi.

Sikuombi uache kucheka. Nyumba yetu ikiacha kucheka itaanguka. Hata jina lako ni hilo, Tusekile, tumefurahi, na alilichagua yeye, Mnamwanga mzima akaenda kutafuta jina la kwetu Undali ili mama mkwe asinung'unike. Utacheka sana huko uendako, na utakosea sana, na nakutakia makosa yenye kuchekesha kuliko yangu. Utakutana pia na mtu atakayekwambia kwa sauti ya chini kwamba kitu chako kinatupa kushoto. Mimi nilimjibu wangu kwa kejeli, nikaolewa naye kwa huruma ya Mungu tu. Wewe chukua kwanza hicho kitu ukipime, ndipo useme. Na ukipewa daftari la kuandika hali ya mtutu, usikopi mstari wa mwezi uliopita.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute huko mbali, usome, ulie kidogo, unipigie simu. Nimeshaikunja mara moja. Nikaona ndiyo tabia ileile. Wewe ungejua, halafu baba zako wadogo wangeendelea kumwita hivyo mezani kwangu, na mimi ningeendelea kupakua.

Basi sitaitia kwenye begi. Basi lako ni la saa tatu. Saa moja chai itakuwa mezani, watakuwepo wote, shangazi, wa Nakonde, majirani waliolala hapa. Nitasimama nifunge khanga kiunoni, watadhani ninataka kuwa kiboko. Nitaisoma hii, yote, tangu majivu. Sauti ikinikatika utanipokea uendelee, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa.

Baba yako ataelewa mapema kuliko wote. Nikifika kwenye sufuria tu atajua, atainuka, atasema anakwenda kufungulia ng'ombe. Usimwache aende. Mshike mkono umkalishe, na nikimaliza kusoma, hapohapo mbele yao wote, muulize tena lile swali.

Mama yako